Rejista Imejaa, Kikao Kiko Wapi?

Kila aliyesoma shule ya kata anajua kwamba hakuna kiumbe anayepimwa kama mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Asubuhi mwalimu wa darasa anaita majina na kuweka alama kwenye rejista. Kuna majaribio ya kila mwezi, kuna mtihani wa nusu muhula, kuna wa mwisho wa muhula, na kati yake unaingia mtihani wa ujirani mwema ambao shule jirani zinatunga na kusahihisha pamoja. Mwaka unapoisha anakutana na Upimaji wa Kitaifa. Juu ya hayo yote ana namba ya PReM inayomfuata kila anakohamia, na jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio, daftari la nidhamu, daftari la michango na daftari la chakula kama shule inapika uji.

Kwa maneno mengine, shule inaweza kukosa maabara, ikakosa mwalimu wa fizikia, ikakosa hata choo cha kutosha, lakini takwimu za wanafunzi inazo tele. Kabati la mwalimu wa taaluma limejaa. Sasa na vishkwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vimegawiwa kwa walimu, kwa hiyo kabati lingine liko mkononi.

Swali langu kwa wenzangu wa Kitivo cha Elimu ni dogo. Ni lini mara ya mwisho uliona walimu wanne wamekaa mezani na takwimu hizo, wakaulizana "hizi namba zinatuambia tufanye nini Jumatatu?", kisha Jumatatu wakafanya? Mimi nimesoma shule tatu tofauti tangu darasa la kwanza na nimefundisha kwa mazoezi katika shule nyingine. Kikao cha namna hiyo nimekiona mara moja tu, na nitakieleza. Hoja yangu ni kwamba shule zetu hazihitaji takwimu zaidi, wala mfumo mpya wa kompyuta. Zinahitaji kikao kifupi, chenye watu wachache na swali moja, kinachomalizika kwa uamuzi. Na sisi tunaotarajia kuitwa walimu baada ya mwaka mmoja au miwili tunahitaji kufundishwa namna ya kukaa katika kikao hicho.

Namba zinapanda, hazishuki

Fuata safari ya namba moja. Mwalimu wa somo anasahihisha, anampa mwalimu wa taaluma. Mwalimu wa taaluma anajumlisha, anampelekea mkuu wa shule. Mkuu wa shule anatuma kwa Afisa Elimu Kata, kutoka huko inakwenda halmashauri, kisha mkoani, kisha TAMISEMI. Kila inapopanda inapungua nyama. Chini ilikuwa "Asha hajui kubadili sehemu kuwa desimali". Shuleni ikawa "Asha 27". Kwenye kata ikawa "hisabati wastani 31". Halmashauri ikawa ufaulu wa shule kwa asilimia. Ikirudi shuleni, kama inarudi, inakuja ikiwa barua ya kuuliza kwa nini mmeshuka. Asha hayumo tena.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni utoro. Kila mwaka serikali inatoa kitabu cha takwimu za elimu ya msingi na sekondari, na katika jedwali la sababu za wanafunzi kuacha shule, utoro ndio unaoongoza kwa mbali. Sasa tafakari kidogo maana yake. Mtoto ameacha shule kwa sababu ya utoro ni sawa na kusema mgonjwa amefariki kwa sababu ameacha kupumua. Tumeandika kilichotokea, tukakiita sababu. Nyuma ya neno hilo moja kuna mtoto anayechunga, mwingine anayelea wadogo zake, mwingine aliyekata tamaa kwa sababu haelewi Kiingereza cha darasani, na mwingine anayetembea kilomita nyingi akifika amechoka. Dawa zao hazifanani, lakini kwenye fomu wote ni kitu kimoja.

Halafu kuna ule utaratibu tuliouzoea: mwanafunzi akikosekana siku 90 mfululizo bila taarifa, anahesabiwa ameacha shule. Lakini hakuna anayefika siku ya 90 bila kupita siku ya 3, ya 10 na ya 20. Rejista iliziona zote. Iliandika kwa uaminifu, siku baada ya siku, kwa kalamu nyekundu. Ila rejista haina mdomo. Haiwezi kumshika mkuu wa shule bega na kumwambia, "Mkuu, huyu anatutoka."

Jumatano ya mnada

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya sekondari vijijini, jina silitaji. Kwa kuwa mwanachuo ndiye anayepewa kazi ambazo hakuna mwingine anazitaka, nilipewa kujumlisha rejista za Kidato cha Pili kwa wiki sita. Kazi ya kuchosha kweli. Lakini ukijumlisha kwa mistari ya kwenda chini badala ya kwenda pembeni, yaani kwa siku badala ya kwa mwanafunzi, unaona jambo. Alama nyekundu zilijipanga siku moja. Jumatano. Wanafunzi kumi na moja wa mkondo mmoja walikuwa wanakuja vizuri Jumatatu na Jumanne, wanapotea Jumatano, wanarudi Alhamisi.

Ofisini jibu lilikuwa tayari: "Hao ni watoro tu, Mwalimu, wamezoea." Jumatano ni siku ya mnada.

Mwalimu wa hisabati, mama mmoja mkimya aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, aliniomba ile karatasi. Aliweka pembeni yake orodha ya alama za nusu muhula. Karibu wote kumi na moja walikuwa na F kwenye somo lake, wakati masomo mengine wengi wao walikuwa wanajikongoja vizuri. Akafungua ratiba. Vipindi viwili mfululizo vya hisabati, ambavyo ndivyo alivyovitumia kuanzisha mada mpya, vilikuwa Jumatano asubuhi.

Hapo akaitwa mwalimu wa malezi. Yeye hakuhitaji karatasi yoyote. Alimjua mvulana anayeswaga mbuzi wa babu yake hadi mnadani. Alimjua binti anayebaki nyumbani na mtoto mchanga kwa sababu siku hiyo mama anakwenda kuuza nyanya. Wawili, alisema, hawana shughuli yoyote mnadani, wanafuata wenzao tu.

Naomba uone kilichokuwa kimetokea hadi siku hiyo. Mwalimu wa darasa alikuwa na mahudhurio. Mwalimu wa hisabati alikuwa na alama. Mwalimu wa malezi alikuwa na habari za nyumbani. Walikuwa wanakaa ofisi moja, wanakunywa chai kwenye birika moja, na kila mmoja alikuwa amebeba theluthi moja ya jibu muhula mzima. Hakukuwa na uzembe. Hakukuwa na saa kwenye ratiba yao ambayo kazi yake ni kuunganisha hizo theluthi.

Kikao chenyewe hakikufika hata nusu saa. Waliamua mambo matatu. Vipindi viwili vya hisabati vihamie Jumanne, na Jumatano asubuhi viwekwe vipindi vya dini na maktaba. Mwalimu wa malezi aende kumwona mama wa yule binti. Wale wawili wanaofuata mkumbo waitwe na wazazi wao. Mama alikubali kwenda na mtoto mnadani, maana hakuwa anajua kwamba siku anayomzuia binti yake ndiyo siku ya hesabu. Yule mvulana wa mbuzi aliendelea kukosekana Jumatano, sitaki kukudanganya. Umaskini hauhamishwi kwa kubadili ratiba. Lakini angalau hisabati alikuwa haikosi tena.

Hakuna aliyenunua programu. Hakuna mfadhili aliyekuja na fulana. Ilikuwa rejista, orodha ya alama, ratiba, na watu watatu wanaoheshimiana.

Wastani ni blanketi

Nirudi darasani kwetu. Kwenye kozi ya upimaji na tathmini tunafundishwa kukokotoa wastani, mkengeuko wastani na uhusiano baina ya alama mbili. Tunakokotoa, tunafaulu, tunasahau. Kinachobaki kichwani ni wastani, kwa sababu ndio unaoulizwa kila mahali.

Wastani una tabia ya blanketi: unafunika wote, huwezi kujua nani analala vibaya. Chukua madarasa mawili ya kubuni yenye wanafunzi 60 kila moja, yote yana wastani wa 40 kwenye baiolojia. Katika la kwanza karibu kila mtu ana kati ya 35 na 45. Katika la pili, 30 wana 65 na 30 wana 15. Kwenye taarifa ya shule madarasa haya ni pacha. Lakini la kwanza linahitaji mwalimu arudie mada kwa darasa zima, na la pili linahitaji kugawanywa kwa vipindi kadhaa, maana ukirudia kwa wote unawachosha nusu na bado hujawafikia nusu nyingine. Ukitumia dawa ya la kwanza kwa la pili utasema mwishoni kwamba wanafunzi hawa hawafundishiki.

Shuka chini zaidi, hadi kwenye swali mojamoja. Baraza la Mitihani linafanya kazi hiyo kila mwaka na sisi hatuisomi. Linachapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ambazo zinaeleza kila swali lilijibiwaje, waliokosa walikosea wapi, na hata zinaonesha nakala za majibu mazuri na mabovu. Ziko kwenye tovuti yao, bure. Mwanafunzi wa elimu anayejiandaa kwenda kufundisha jiografia anaweza kukaa kwenye kimbweta jioni moja, akajua mada ambazo vijana wa nchi nzima wanajikwaa. Lakini waulize walimu wangapi shuleni wamewahi kuifungua taarifa ya somo lao. Halafu tuulizane na sisi.

Shule inaweza kufanya hivyohivyo kwa mtihani wake mdogo. Swali la 7 limekoswa na darasa karibu zima. Kwa nini? Mara nyingi katika nchi yetu jibu la kwanza la kujaribu ni lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, ameingia Kidato cha Kwanza na kila kitu kimegeuka Kiingereza. Mwalimu anayetaka kujua ukweli amwite mwanafunzi mmojammoja, watano tu, awaulize swali lilelile kwa Kiswahili kwa mdomo. Wakijibu, basi usanisinuru wanaujua, kilichowashinda ni kusoma swali. Wasipojibu, mada yenyewe haijaingia. Hiyo ni takwimu pia, ingawa haikuandikwa kwenye kishkwambi. Na inabadilisha kabisa unachokwenda kufanya kesho.

Namba zikigeuka viboko

Kuna mtu atasema: mwanafunzi wewe, walimu hawazipendi takwimu kwa sababu wanazijua. Nakubali. Historia yetu na namba za wanafunzi ina makovu. Mwaka 2009 huko Bukoba, mkuu wa wilaya aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Walimu, watu wazima, mbele ya wenzao. Rais alimwondoa kazini, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika kila ofisi ya walimu nchini: namba ni fimbo.

Baadaye, mwaka 2013, ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Mojawapo ya mambo yake ilikuwa kupanga shule zote kwa nafasi, na kila shule kujua iko wapi katika wilaya na nchi. Watafiti watatu, Jacob Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliufuatilia upangaji huo kwenye shule za msingi na utafiti wao ukachapishwa 2021. Walikuta jambo la kufurahisha na jambo la kusikitisha. Ufaulu katika shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ulipanda. Lakini pia shule hizo zilipunguza idadi ya watoto wanaofika darasa la saba. Kwa lugha ya mtaani, baadhi ya wale ambao wangeshusha wastani waliachwa njiani.

Soma tena hapo. Shule zilizitumia takwimu, tena kwa akili sana. Ziliwajua wanafunzi dhaifu kwa majina. Tofauti ni kwamba swali waliloulizwa na wakubwa lilikuwa "mna asilimia ngapi?", na njia fupi ya kulijibu ilikuwa kumtoa mtoto kwenye hesabu. Kama swali lingekuwa "huyu dhaifu mmemfanyia nini?", orodha ileile ya majina ingetumika kumsaidia. Ndiyo maana Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, mimi nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, ingawa mabwenini tulibishana hadi usiku. Nafasi ya shule haimwambii mwalimu wa shule hiyo la kufanya.

Kwa hiyo kikao ninachokitetea kina sharti la kwanza: kinachosemwa mle hakitumiki kumwadhibu mwalimu. Mwalimu akijua kwamba akikiri mada fulani haikueleweka atapigiwa simu na halmashauri, hatakiri. Atatunga mtihani rahisi, au atapandisha alama. Takwimu zitang'aa na mtoto atabaki palepale.

Walichokifanya wenzetu wa Chicago

Jambo hili halijaanza na sisi. Shule za umma za Chicago, Marekani, zilikuwa na tatizo la vijana kuacha sekondari kabla ya kumaliza. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Elaine Allensworth na John Easton, walionesha kwamba mwaka wa kwanza wa sekondari unatabiri mengi. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka huo akiwa na masomo ya kutosha, na asiyefeli zaidi ya nusu mwaka mmoja wa somo la msingi, alikuwa na uwezekano mara tatu na nusu wa kuhitimu kwa wakati ukilinganisha na asiyefikia hapo. Kipimo hicho kimoja kilitabiri vizuri kuliko alama alizokuja nazo kutoka shule ya awali, na vizuri kuliko kipato cha wazazi.

Baada ya hapo shule zikaanza kupewa orodha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakati mwaka bado unaendelea, na makundi ya walimu yakawa yanakutana kuzijadili jina kwa jina. Kati ya 2007 na 2013, wanafunzi wanaokwenda sawasawa waliongezeka kutoka asilimia 57 hadi 82. Chicago ina fedha ambazo sisi hatuna, sawa. Lakini mambo mawili hayana bei: kuchagua dalili moja inayoonekana mapema, na kuipeleka kwa walimu wanaomfundisha mtoto huyo wakati bado kuna muda.

Kwetu dalili hiyo inaweza kuwa ipi? Mimi ningeanza na mbili za Kidato cha Kwanza: aliyekosa zaidi ya siku tano katika mwezi, na aliyepata F katika masomo matatu au zaidi kwenye nusu muhula wa kwanza. Shule nyingine itaona inahitaji dalili tofauti. Sawa, mradi ziwe chache na ziwe za mapema.

Kikao chenyewe

Nipendekeze umbo lake, ili tusibaki kwenye maneno.

Watu wasizidi watano: mwalimu wa taaluma, mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi, na mwalimu mmoja au wawili wa masomo yanayohusika. Mkuu wa shule akija, akae kama mjumbe. Muda ni kipindi kimoja, dakika 40, mara moja kwa wiki mbili, na kiwe ndani ya ratiba. Kikiachwa kifanyike baada ya saa za kazi kitakufa wiki ya tatu, na walimu hawatakuwa na kosa.

Mezani iwe karatasi moja. Si vitabu vya alama vyote. Karatasi moja yenye majina yaliyoangukia kwenye zile dalili, na mbele ya kila jina nafasi tatu: tunajua nini, tutafanya nini na nani, lini tutaangalia tena. Swali liwe moja kwa kikao. Leo mahudhurio ya Kidato cha Kwanza, wiki mbili zijazo swali la 7 la hisabati. Kikao kinachojadili kila kitu kinaishia kwenye chai.

Kila kikao kifungue kwa kuangalia uamuzi wa kikao kilichopita. Ulifanyika? Ulisaidia? Ukiwa haukusaidia, uachwe bila fedheha na ujaribiwe mwingine. Hapa ndipo vikao vyetu vingi vinapokufa, maana tunajua sana kuazimia.

Mwisho, karatasi hiyo isitoke nje. Tumezoea kubandika matokeo ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa 64, na siku hizi picha ya karatasi inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Hata bila sheria, fikiria wewe ndiye wa 64.

Kuhusu mzigo wa walimu: najua. Mwalimu mmoja wa hisabati ana mikondo minne na kila mkondo una watoto kupita sitini. Ukimwongezea fomu moja zaidi anayo haki ya kuitupa. Ndiyo maana sipendekezi kukusanya chochote kipya. Napendekeza kupunguza. Kabla shule haijaanza kikao hiki, ikae iorodheshe kila fomu inayojazwa na iulize nani aliitumia muhula uliopita. Zile ambazo zinajirudia, na ziko, halmashauri iziondoe. Dakika 40 zitapatikana humo.

Na sisi je?

Sasa tuje nyumbani. Tunapokwenda mazoezini tunakaguliwa kwa andalio la somo, azimio la kazi, sauti, ubao na mavazi. Mkaguzi anakaa nyuma ya darasa dakika 40 na kuondoka. Hakuna alama hata moja kwa kujua ni wanafunzi gani darasani mwako wanapotea, wala kwa kukaa na mwalimu mwenyeji na kuamua jambo pamoja naye. Ndiyo maana mwalimu mpya anaingia kazini akiamini kazi yake inaishia kwenye kipindi chake.

Naomba kitivo kifanye jambo moja kabla ya mazoezi yajayo. Kila mwanachuo, akiwa shuleni, aandae karatasi moja ya darasa moja, akae na walimu angalau wawili, waamue jambo moja, na arudi baada ya wiki mbili kuangalia. Aandike kurasa mbili bila majina ya wanafunzi wala ya shule. Ipewe alama. Kozi ya takwimu ifundishwe kwa rejista halisi ambayo majina yameondolewa, siyo kwa mifano ya urefu wa miti.

Na serikali yetu ya wanafunzi nayo ina kazi. Wote tunajua mtu aliyekula disko. Alama zake za majaribio zilikuwepo tangu wiki ya nane, idara ilizijua, mfumo ulizijua. Aliyekuja kumwambia ni matokeo ya mwisho wa muhula, wakati hata bumu lilishakwisha na hakuna la kufanya isipokuwa kufungasha. Mwenye sapu nne hakuzipata siku moja. Kwa hiyo naomba viongozi wetu walipeleke ombi hili kwa menejimenti: alama za majaribio zikishaingizwa, mshauri wa kitaaluma apewe orodha ya walio hatarini, na awaite kabla ya wiki ya kumi, faragha. Washauri wapo, kila mmoja wetu ameandikiwa jina la mmoja. Wengi hatujawahi kuwaona sura.

Mazoezi yajayo yanaanza muhula huu ukiisha. Ukifika shuleni watakupa kazi ya kujumlisha rejista, hilo ni hakika. Ijumlishe kwa siku, siyo kwa majina tu. Ukiona alama nyekundu zimejipanga mahali, usiandike "utoro" ukafunga daftari. Vuta kiti, mwite mwalimu wa malezi, muulize hawa wako wapi siku hiyo.